Mtoto mwenye ulemavu wa akili akialikwa kwenye utafiti wa kitabibu: maswali na majibu

Nani anahesabiwa kuwa na ulemavu wa akili?

Mambo matatu huangaliwa kwa pamoja. Uwezo wa kufikiri na kujifunza uwe chini sana ya wastani. Kwa vipimo vya IQ ambavyo wastani wake ni 100, hiyo ni takriban 70 kushuka chini. Shughuli za kila siku, kama kujieleza, kuvaa, kutumia pesa na kujiepusha na hatari, ziwe zinamshinda kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake. Na hali yenyewe iwe ilianza katika kipindi cha ukuaji. Namba ya IQ peke yake haitoshi. Mtu huyohuyo anaweza pia kuwa na usonji, tatizo la umakini (ADHD) au kifafa, kwa hiyo soma kwa makini sehemu ya fomu ya utafiti inayoeleza nani anaingizwa na nani haingizwi.

Kuna dawa ya kuuponya?

Hakuna dawa moja, kwa sababu chanzo si kimoja. Pale chanzo kinapojulikana mapema, matokeo huwa makubwa. Mtoto aliyezaliwa na tezi ya thairoidi isiyofanya kazi hupewa levothairoksini, mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na ikianza ndani ya wiki 2 za kwanza ubongo wake hulindwa. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja fenilalanini, sehemu ya protini ya chakula, hulindwa kwa lishe yenye fenilalanini kidogo, mradi agunduliwe kwa kipimo cha tone la damu ya kisigino siku chache baada ya kuzaliwa.

Kwingineko dawa hupunguza dalili tu. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha trofinetidi kwa sindromu ya Rett, ugonjwa wa kijeni unaoathiri ukuaji wa ubongo. Ilikuwa dawa ya kwanza kwa ugonjwa huo, kuanzia umri wa miaka 2. Kwenye jaribio lake la wiki 12, takriban wanane kati ya kila kumi walioitumia walihara. Risperidoni haitibu usonji. Hutuliza hasira kali na tabia ya kujiumiza, na uzito huongezeka: katika jaribio la watoto 101 lililotangazwa mwaka 2002, waliopewa dawa waliongezeka wastani wa kilo 2.7 kwa wiki 8, na waliopewa dawa bandia (inayofanana na dawa lakini haina tiba ndani yake) kilo 0.8. Uliza madhara kwa namna hiyo, kwa namba za makundi yote mawili. Ukiambiwa tu kwamba madhara ni madogo, hujajibiwa.

Kwa nini wengine wapewe dawa bandia? Si kumnyima mtoto tiba?

Mwaka 1998 ilitolewa taarifa ya watoto watatu wenye usonji walioonekana kupata nafuu baada ya kudungwa sekretini, homoni inayotumika kupima kongosho. Wazazi wengi wakaitafuta. Mwaka uliofuata jaribio la watoto 60 lilitoa majibu: waliodungwa dozi moja ya sekretini walipata nafuu, na waliodungwa maji ya chumvi wakapata nafuu ileile. Bila kundi la pili, watoto wangeendelea kuchomwa sindano bure.

Nafuu ya kundi la dawa bandia ina sababu zake. Familia nyingi hujiunga hali inapokuwa mbaya zaidi, na hali mbaya mara nyingi hupungua yenyewe. Mtoto hukua. Mzazi mwenye tumaini hujaza dodoso kwa jicho la tumaini, na hilo halimfanyi mwongo. Ndiyo maana kura ndiyo huamua nani aingie kundi gani, na si familia wala daktari anayejua mpaka mwisho.

Mbona dawa zinazofaulu kwa panya hushindwa kwa watu?

Mfano mzuri ni sindromu ya X dhaifu, hali ya kurithi inayoleta ulemavu wa akili, ambayo jeni yake, FMR1, iligunduliwa mwaka 1991. Kipande fulani cha jeni hiyo kikijirudia zaidi ya mara 200, kwa kawaida jeni huzimika. Dawa ya majaribio iitwayo mavogluranti ilirekebisha dalili kwa panya, lakini majaribio yake mawili, moja kwa vijana wa miaka 12 hadi 17 na jingine kwa watu wazima, hayakuonyesha tofauti na dawa bandia. Kuna maelezo kadhaa, nasi tunayapa uzito: washiriki walikuwa wameshapita miaka ya mwanzo ya ukuaji wa ubongo, wiki 12 ni muda mfupi kwa mtu kujifunza kitu kipya, na kipimo kikuu kilikuwa dodoso la tabia linalojazwa na mlezi.

Vipimo hukosea wapi?

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Vipimo vingi vya IQ vina alama ya chini kabisa, kwa mfano 40. Mshiriki aliye chini ya hapo ataandikiwa 40 mwanzoni na 40 mwishoni, hata kama amejifunza maneno kumi mapya. Watafiti makini hutumia alama ghafi, yaani idadi ya majibu sahihi kabla ya kugeuzwa kuwa IQ, au vipimo vilivyojaribiwa kwanza kwa watu wenye ulemavu huu.

Kosa la pili ni kubadilisha msimulizi. Mama akihojiwa mwanzoni na baba mwishoni, tofauti inayoonekana inaweza kuwa ya wazazi, wala si ya dawa. Chagueni mtu mmoja anayemfahamu mtoto vizuri, naye ajibu kila mara. Pia msianzishe tiba mpya ya usemi au dawa ya usingizi katikati ya utafiti bila kuwaarifu watafiti. Lakini mtoto akihitaji matibabu ya haraka, atibiwe, utafiti utasubiri.

Mwanangu haelewi vizuri. Nani anakubali?

Kwa mtoto, mzazi au mlezi wa kisheria hutoa idhini, na mtoto mwenyewe huombwa ridhaa kwa kadiri anavyoelewa. Kwa mtu mzima, msidhani kwamba ulemavu umemwondolea haki ya kuamua. Anaweza kushindwa kuelewa jaribio la dawa mpya lakini akaelewa vizuri kabisa utafiti wa kutolewa damu mara moja.

Maelezo yawe ya sentensi fupi, wazo moja kwa kila sentensi, pamoja na picha. Kisha aulizwe kwa maneno yake: utafanyiwa nini? Kipi kinaweza kuuma? Ukitaka kuacha utafanyaje? Akikosea, aelezwe tena. Na asiyesema ana njia zake za kukataa: kuvuta mkono, kulia, kugeuka. Hiyo ni hapana. Katika shule ya Willowbrook, New York, kuanzia miaka ya 1950, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini kwa makusudi ili watafiti waichunguze. Kamati za maadili zipo ili hilo lisirudiwe, na mna haki ya kuomba namba ya kibali chao.

Tujiandaeje kwa siku ya vipimo?

Kwa damu, ombeni krimu ya ganzi ya lidokaini na prilokaini. Hupakwa na kufunikwa angalau dakika 60 kabla ya sindano. Ikipakwa dakika 10 tu kabla, haisaidii kitu. Kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ombeni mazoezi kwanza, ikiwemo kusikilizishwa kelele za mashine. Vipimo vya kufikiri vifanyike asubuhi, mtoto akiwa ameshakula, na mapumziko yawepo.

Tukitaka kuacha, au utafiti ukiisha?

Mnaweza kuacha wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida hayapaswi kuguswa. Lakini msizuie vidonge ghafla nyumbani. Dawa za kifafa na za jamii ya baklofeni (dawa ya kulegeza misuli) zikikatwa kwa mara moja zinaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari. Kabla ya kusaini, ulizeni maswali matatu, na majibu yaandikwe kwenye fomu: je, dawa ikimsaidia ataendelea kuipata, na kwa gharama ya nani? Lini tutaambiwa alikuwa kundi gani? Nani atamhudumia madhara yakijitokeza baada ya utafiti kufungwa?