Malkia Emma wa Hawaii na wenyeji wake Uingereza

Wanafunzi wanaosoma nyaraka za karne ya 19 hupata taabu na maneno ya shukrani. Mtawala wa nchi ya mbali anawasifu wamisionari wa Ulaya waliomkaribisha, na msomaji wa leo anaona mawili tu: ama alikuwa ametekwa akili na wageni, ama alikuwa anajipendekeza. Malkia Emma wa Hawaii haingii katika hayo mawili, ndiyo maana napenda kumtolea mfano.

Emma alifika Southampton Julai 1865, akiwa na umri wa miaka 29. Mwanawe wa pekee, Albert, alifariki Agosti 1862 akiwa na miaka minne. Mwaka na miezi michache baadaye akamzika mumewe, Mfalme Kamehameha IV. Safari ilikuwa ya kutafuta afya, na pia kuchangisha fedha za kanisa kuu la Kianglikana mjini Honolulu.

Kwa nini Waanglikana, wakati Hawaii ilikuwa na wamisionari tangu 1820? Hao wa mwanzo walikuwa Waprotestanti kutoka Marekani. Walifundisha watu kusoma, wakachapa Biblia kwa Kihawaii, na Emma mwenyewe alisoma katika shule yao ya watoto wa machifu. Lakini baadhi yao, na watoto wao, waliingia pia kwenye mashamba ya miwa na katika serikali, na ukoo wa kifalme ukaanza kuhofia kumezwa na Marekani. Mumewe Emma alikuwa na lake moyoni. Mwaka 1850, akiwa bado mwanamfalme kijana, kondakta wa treni huko Marekani alitaka kumtoa kwenye behewa kwa ajili ya rangi yake. Aliandika kwa hasira katika shajara yake kwamba Uingereza hata Mwafrika hulipa nauli yake akapanda. Alikuwa anaipamba Uingereza, hilo halina ubishi, lakini aibu ile hakuisahau.

Alipotawala aliomba Kanisa la Uingereza, yaani la Kianglikana, limpelekee askofu, na Kitabu cha Sala akakitafsiri mwenyewe kwa Kihawaii. Malkia Victoria akakubali kuwa mama wa ubatizo wa Albert na kutuma kikombe cha fedha. Askofu Thomas Staley alikuwa bado baharini mtoto alipozidiwa. Akabatizwa kitandani na mchungaji wa Wamarekani, na siku chache baadaye akafa.

Kwa hiyo Emma hakwenda Uingereza kama mgeni asiyejulikana. Aliyempokea London alikuwa Jane Franklin, mjane wa mvumbuzi John Franklin aliyepotelea kwenye barafu za kaskazini. Bibi huyo alikuwa amekirimiwa na Emma na mumewe huko Hawaii mwaka 1861; sasa ilikuwa zamu yake. Emma alimtembelea pia kasisi na mshairi John Keble kijijini Hursley. Tarehe 9 Septemba akapokewa Windsor na Victoria, naye mjane tangu 1861. Victoria aliandika kwamba mgeni wake alivaa nguo za ujane sawasawa na zake, kwamba alimketisha kando yake kwenye sofa, na kwamba Emma aliguswa sana alipotajiwa msiba wake. Hakukaa sana, akaaga. Shajara hiyohiyo haikuacha kupima weusi wa Emma kwa kumlinganisha na Wahindi. Heshima na jicho la kibeberu vilikaa pamoja katika ukurasa mmoja.

Shukrani za Emma kwa watu hawa zilikuwa za kweli, na zilikuwa na kazi. Kila aliposhukuru hadharani, alikuwa anaonyesha kwamba Hawaii ni nchi huru yenye marafiki wengine mbali na Marekani. Viongozi wa misheni ya Kimarekani walilielewa hilo vizuri, wakalalamika kwamba Waanglikana wanawaingilia shamba lao. Hata hivyo Emma alirudi kwa njia ya Marekani, na Agosti 1866 Rais Andrew Johnson akampokea Washington.

Samuel Wilberforce, Askofu wa Oxford, ni miongoni mwa waliopigania misheni ya Hawaii. Huyohuyo aliipigia debe Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA), misheni ya Kianglikana kwa Afrika ya Kati, iliyohamia Zanzibar mwaka 1864 na baadaye kujenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa na soko la watumwa. Tofauti ni kwamba Hawaii mfalme ndiye aliyeita, na malkia ndiye aliyepita akichangisha.

Mwaka 1867 jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mtakatifu Andrea liliwekwa, na masista kutoka Devonport wakafungua shule ya wasichana jirani yake, shule ambayo ipo hadi leo.

Urafiki huo haukumsaidia Emma alipogombea ufalme mwaka 1874. Mpinzani wake Kalakaua, chifu aliyependelewa na Wamarekani, alipata kura 39 za wabunge, Emma 6. Wafuasi wa Emma wakafanya ghasia, na askari wa manowari za Marekani na Uingereza wakateremka pamoja kuzizima. Emma alifariki mwaka 1885. Miaka minane baadaye ufalme wa Hawaii ulipinduliwa, na aliyeshika uongozi wa serikali mpya alikuwa Sanford Dole, mtoto wa mmisionari wa Kimarekani.