Taa za LED Nazo Hufifisha Rangi

Kila Desemba, nyumba za kale za mashambani nchini Uingereza zinapopambwa kwa Krismasi, hakosi mgeni wa kunieleza, mimi mhifadhi wa nguo, kwamba hakuna tena haja ya kuweka vyumba gizagiza, eti kwa kuwa taa za LED hazina madhara. Nimechoka kuitikia kwa tabasamu.

Ni kweli kwamba taa hizo hazitoi joto kali wala urujuanimno (mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho) wa kutajika, na mishumaa ya moto haistahili hata kujadiliwa. Lakini rangi za nguo zitokanazo na mimea haziungojei urujuanimno ndipo zififie. Mwanga huuhuu tunaouona, hasa wa upande wa buluu, unatosha kuziharibu. Kwa hariri na sufu zilizotiwa rangi tunafuata kikomo cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), nacho si kinga, kwani madhara hujumlishwa: saa 10 chini ya luksi 50 ni sawa na saa moja chini ya luksi 500, na rangi iliyokwisha kupotea hairudi.

Anayebisha na aende Hardwick Hall, Derbyshire, nyumba ya miaka ya 1590 iliyojaa madirisha makubwa, ambako vimetundikwa vitambaa 13 vya hadithi ya Gideoni ambavyo Bess wa Hardwick, mwenye nyumba hiyo, alivinunua mwaka 1592. Katika vitambaa vya ukutani vya zama hizo kutoka Flanders, eneo la Ubelgiji ya leo, mara nyingi utakuta miti yenye majani ya buluu, na wageni hudhani mfumaji alikuwa na mambo yake. Mfumaji alifuma kijani. Mtia rangi alichovya sufu katika buluu, kisha akaichovya katika njano ya mimea; njano ikatangulia kufa, buluu ikabaki. Ukigeuza kitambaa cha namna hiyo, upande wa nyuma uliofichwa na bitana huwa bado una kijani, na hapo ubishi huisha.

Zamani nyumba nyingi kati ya hizi zilifungwa majira ya baridi, madirisha yakazibwa na samani zikafunikwa shuka. Siku hizi tiketi za Desemba husaidia kulipia matengenezo ya paa, kwa hiyo tunazihesabu saa za mwanga za mwaka mzima na kuichotea Krismasi fungu lake. Hesabu zangu hukubali, lakini moyo wangu haukubali: sina hakika kwamba tunagawa fungu, na huenda tunakula tu mtaji.

Cha kushangaza, mwako wa kamera ambao kila mtu anauogopa huchangia kidogo mno. Kinachonitia hofu ni kamba ya taa iliyozungushwa sentimita chache kutoka kwenye pazia la kitanda, ikawaka kutwa kwa wiki kadhaa. Basi mkiingia, simameni dakika chache macho yazoee, nanyi mtaona kila kitu. Tochi za simu zimeni.