Kufuma ni kujua kufumua

Wiki iliyopita alikuja kwangu dada mmoja mjamzito, amekumbatia kikapu. "Shikamoo mama. Nimekuja unisaidie, au uniambie nilitupe tu." Ndani ya kikapu mlikuwa na shali la mtoto, uzi mweupe wa pamba, kroshia safi kabisa ya mkono uliotulia. Ila shali lilianza na nguzo 120 kule chini (nguzo ni mshono wa kroshia uliosimama wima), na nilipohesabu mstari wa juu nikakuta 97. Ubavu mmoja ulikuwa umeinama kama paa la nyumba. Alikuwa amelifuma kwa miezi miwili. Kulianza upya hakukumtisha. Kilichomtisha ni kulifumua.

Huu ni mwaka wa 16 nafundisha kufuma hapa Njombe, ambako Juni na Julai sweta si pambo. Hofu ya dada huyu nimeiona kwa karibu kila mwanafunzi, na naamini ndiyo inayowafanya wengi waache. Sindano haziwashindi. Wanaacha siku ya kosa la kwanza kubwa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kufumua ni nusu ya kazi hii.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Ukifunga utafungua, ukikunja utakunjua, ukifuma utafumua. Nywele tulizosuka tunazifumua, mshono wa suruali nao hufumuka. Seremala akishakata ubao mfupi, umekatika. Chungu kikishachomwa hakirudi kuwa udongo. Uzi wa mfumaji hurudi, karibu wote, na unakungoja. Kwa mtu anayetafuta kitu cha kufanya kwa raha baada ya kazi, sijui ufundi mwingine unaosamehe kiasi hiki.

Ili ufumue bila woga, elewa kwanza unachokishika. Kazi ya sindano mbili ni vitanzi vilivyopita ndani ya vitanzi. Mstari mzima wa juu umebaki wazi kwenye sindano, labda vitanzi 100 kwa pamoja, na kila kimoja kinashikilia safu nzima iliyo chini yake. Kikiponyoka kimoja, safu ile huachia ngazi kwa ngazi kushuka. Kwenye kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kile kilichopo kwenye ndoano. Ndiyo maana namshauri anayeanza aanze na kroshia: akiitwa na mtoto au maharage yakiungua, anaweka chini na hakipotei kitu.

Tofauti hiyo hiyo inaeleza jambo la kiwandani. Kufuma kwa vitanzi vingi vilivyopangwa safu kulipata mashine mapema sana. Mwingereza William Lee alitengeneza yake mwaka 1589, na mashine za kusukuma kwa mkono wanazotumia mafundi wetu wa sweta za shule bado zinapanga vitanzi kwa safu. Kroshia halisi haikuwahi kuhamia viwandani. Ukiona kitambaa cha kochi kilichofumwa kwa kroshia, popote kilipo, jua kuna mtu alikaa akakifuma.

Turudi kwenye shali. Kosa lilikuwa la kawaida mno. Kwenye kroshia, kila unapogeuza kazi unafuma mnyororo mdogo wa kupandia mstari mpya, na mnyororo huo huhesabiwa kama nguzo ya kwanza. Unaporudi mwisho wa mstari unaofuata, lazima uchome juu ya mnyororo ule, nao umejificha pembeni, mwembamba, hauonekani kama mwenzake. Yeye alikuwa akiupita mara kwa mara. Nguzo moja hapa, nyingine pale, mpaka 23 zikaondoka. Dawa yake ni kuhesabu kila baada ya mistari miwili mpaka jicho lizoee, na kufunga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kichwa cha mnyororo huo ili ukione ukirudi.

Kwa sindano mbili kuna kinga nyingine ninayoipenda zaidi. Kabla ya kuingia sehemu ngumu, chukua sindano ya kushonea yenye uzi mwembamba wa rangi tofauti, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vya mstari mmoja, kisha uendelee kufuma kama kawaida. Ukikosea huko mbele, chomoa sindano, vuta uzi bila wasiwasi. Kazi itafumuka mpaka kwenye ule uzi wa rangi na kusimama hapo, vitanzi vyote vimekaa sawa kwenye foleni. Na kama kilichoponyoka ni kitanzi kimoja tu, usifumue mstari wowote. Chukua ndoano ya kroshia, kishike kule chini, kipandishe ngazi moja moja mpaka juu.

Kipimo ndicho kinachowafumulisha watu wengi zaidi, na ndicho wanachokiruka. Mikono hailingani. Chukua mfano wa sweta ya kifua cha sentimita 90, maelekezo yanasema vitanzi 20 kwa kila sentimita 10. Utaanzisha vitanzi 180. Kama mkono wako unakaza na unatoa vitanzi 22 kwa sentimita 10, vitanzi 180 vitakupa sentimita 82 tu, na sweta haitavalika. Kwa hiyo kabla ya yote fuma kipande cha mraba kinachozidi kidogo sentimita 10 kila upande, kifue, kikauke, kisha uhesabu. Ukikuta unakaza, panda sindano: kama ni ya milimita 4, jaribu 4.5. Kipande hicho hakipotei, utakifumua uzi urudi kwenye donge.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Wengi wa rika langu tulianza na spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye jiwe. Zinafuma, ila ni nyembamba na uzi mnene hukaza hadi vidole vinauma. Sindano za mianzi alizochonga fundi na kuzipiga msasa vizuri ni bora kuliko za chuma zenye mikwaruzo.

Uzi ndio wa kuujua tabia. Pamba haivutiki, na ikishalegea hairudi. Inafaa vitambaa vya meza na kochi, ambavyo huwekwa wanga na kupigwa pasi vikasimama vizuri. (Wapo wanaotumia maji ya sukari ili marinda yasimame wima. Yanasimama kweli, lakini sisimizi nao wanajua.) Akriliki ni rahisi na haisumbui kufua, lakini pasi ya moto huilegeza moja kwa moja. Sufu ina joto na inavutika, inasamehe mkono usiolingana; ukiiingiza kwenye maji ya moto na kuisugua, nyuzi hushikamana na hapo haifumuki tena. Huo ndio mlango pekee ninaojua unaofunga njia ya kurudi.

Sufu mpya ni ghali, na hapa ndipo kufumua kunapokuwa raha kamili. Nenda kwenye mitumba, tafuta sweta kubwa ambayo hakuna anayeitaka, kisha igeuze ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona ukingo uliokatwa na kuzungushiwa nyuzi za ovaloki, iache. Ilikatwa kutoka kwenye kitambaa kikubwa, na utapata vipande vya urefu wa mkono, hakuna uzi. Ukiona kingo nzima, vitanzi vimepanda mpaka pembeni bila kukatwa, lipa uondoke nayo. Nyumbani fungua mishono, tenganisha mbele, nyuma na mikono, halafu anza kuvuta kutoka pale fundi alipomalizia, mara nyingi upande wa shingo au bega. Ukianzia chini utakwama kila hatua.

Uzi utatoka umejikunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi usivurugike, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, usuuze, kisha uutundike na kuning'iniza kitu kizito kiasi chini yake. Kesho yake utakuwa umenyooka. Sweta moja ya mtu mzima inatoa kofia za watoto kadhaa na soksi juu.

Shangazi yangu wa Tanga hakuwahi kushika sindano za kufumia, alisuka ukili. Alikaa barazani na chane za ukindu zilizotiwa rangi, akisuka huku anazungumza, ukili ukirefuka hadi pima nyingi kabla ya kushonwa mkeka. Mchoro ukimkosea, alisimama, akalowesha chane zisikatike, akarudi nyuma moja moja bila kukatiza hadithi aliyokuwa anasimulia. Nilijifunza kwake kabla sijajua kwamba najifunza.

Watu huniuliza kwa nini nisiwahimize wanafunzi wauze haraka. Wauze wakitaka. Lakini fundi wa sweta za shule Januari hana nafasi ya kufumua, anahesabu saa na wazazi wako mlangoni. Sweta yangu ya mwisho ilichukua saa 50 hivi, na kama kumi kati ya hizo zilikuwa za kurudi nyuma, maana bega la kushoto lilikaa vibaya mara mbili. Kwa bei ya soko hiyo ni hasara. Kwangu zilikuwa jioni kumi na kitu za utulivu, na bega sasa limekaa.

Dada wa shali nilimpa kiti karibu na jiko la mkaa. Tulihesabu pamoja kutoka chini, tukakuta kosa la kwanza mstari wa 10. Nilimwachia avute mwenyewe. Mistari mitano ya mwanzo alivuta kwa vidole viwili, macho kayafumba nusu. Baada ya hapo akawa anavuta kwa mkono mzima na mimi nakunja donge. Alipoaga, giza likiingia, alikuwa amefika tena mstari wa 14. Alisimama mlangoni akahesabu mara ya mwisho: nguzo 120.