Metali ya mahadhi: koo linanguruma, gitaa linaimba

Ukimwambia mtu kwamba kuna metali ya kifo (death metal, muziki mzito na mkali wa magitaa ya umeme) yenye mahadhi, atadhani unazungumzia metali iliyopunguzwa makali: dramsi taratibu, mwimbaji mwenye sauti ya asali. Kisha unamwekea wimbo, na kabla dakika haijaisha ameshavua hedifoni. Mwimbaji ananguruma, dramsi zinakimbia kama zinafukuzwa, magitaa yamewaka moto. "Sasa mahadhi yako wapi hapo?" atauliza.

Ni swali la haki, na ukilijibu umeshaieleza dhana yote. Mahadhi hayako mdomoni. Yamehamia kwenye gitaa.

Neno mahadhi tunalo tangu zamani kwenye utenzi na nyimbo. Ni ile njia ya sauti kupanda na kushuka inayokufanya uutambue wimbo hata kama maneno yake umeyasahau. Kwa kawaida anayeyabeba ni mwimbaji, na ala zinamsindikiza. Metali ya kifo, iliyokua Marekani miaka ya 1980, hasa Florida, ilimvua mwimbaji kazi hiyo. Sauti yake ikawa mngurumo usiopanda wala kushuka, karibu na ngoma kuliko wimbo. Katika nyimbo nyingi za aina hiyo nafasi yake ikabaki wazi, kwa sababu magitaa nayo yalikuwa na kazi ya kukatakata na kuponda. Walioamua kuijaza ni vijana wachache wa Gothenburg, mji wa bandari magharibi mwa Sweden, kati ya mwaka 1990 na 1996. Ndiyo maana mashabiki wengine hawasemi jina refu la mtindo huu. Wanasema tu "sauti ya Gothenburg".

Aliyewahi kuimba kwaya kwa sol-fa ataelewa upesi jinsi inavyofanyika. Soprano anaimba do, re, mi. Alto, hatua mbili chini yake, anaimba la, ti, do. Sauti mbili zinatembea bega kwa bega; hazigongani, haziachani, na mapokeo yetu ya kwaya yamejaa uzuri huo. Sasa mtoe soprano, mtoe alto, weka magitaa mawili ya umeme mahali pao. Wimbo utue kwenye la badala ya do, ili uwe na huzuni. Legeza nyuzi zote za gitaa hadi ule mzito zaidi, ambao kwa kawaida ni noti ya E, ushuke mpaka C, kama walivyofanya In Flames, bendi mojawapo ya Gothenburg. Chini yake weka dramsi za kasi, miguu yote miwili ikipiga dramsi ya besi. Hapo umekaribia kabisa.

Magitaa mawili kuimba pamoja si uvumbuzi wa vijana wa Gothenburg. Bendi ya Thin Lizzy ya Dublin ilifanya hivyo miaka ya 1970, na Iron Maiden, walioanzishwa mashariki mwa London mwaka 1975 na mpiga bezi Steve Harris, wakayafanya kuwa alama yao. Lakini kwa Iron Maiden mwimbaji naye anaimba kwa sauti wazi, na magitaa yanampokea akinyamaza. Huko Gothenburg magitaa hayampokei mtu. Yenyewe ndiyo mwimbaji.

Na ile sauti ya kunguruma? Wengi hudhani ni kupiga kelele mpaka koo lipasuke. Anayejua kazi yake hutumia pia mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi za sauti, na pumzi inatoka tumboni, kwa kipimo. Ndiyo maana anaweza kupanda jukwaani usiku baada ya usiku. Kazi ya mngurumo huo ni kuwa kiza ambacho gitaa linang'aa juu yake. Ukiuondoa na kuweka sauti tamu, gitaa na mwimbaji wataanza kugombea nafasi moja.

Kwa nini Gothenburg? Ulikuwa mji wa viwanda na meli, makao ya Volvo, wa pili kwa ukubwa nchini baada ya Stockholm. Sweden ilikuwa na shule za muziki za manispaa, ambako mtoto alijifunza ala baada ya masomo kwa ada ndogo. Kulikuwa pia na vyama vya elimu ya watu wazima vilivyosaidia bendi za vijana kupata vyumba vya mazoezi, kwa kuzihesabu kama vikundi vya kujisomea. Jambo hili nalipenda sana na natamani lijulikane zaidi: fujo yote hii iliota kwenye udongo uliomwagiliwa na fedha za umma.

Stockholm ilitangulia kuwa na metali yake ya kifo. Entombed na Dismember walirekodi Sunlight Studio, na magitaa yao yalinguruma kama msumeno. Vijana wa Gothenburg waliupenda ukali huo, ila masikio yao yalikuwa yamelelewa na Iron Maiden. Wakataka vyote viwili.

Bendi tatu ndizo hutajwa kila mara: At the Gates, Dark Tranquillity na In Flames. Ukizitazama kwa karibu utaona zilikuwa kama nyumba tatu za ua mmoja, watu wanaingia na kutoka bila kubisha hodi. Dark Tranquillity walianza mwaka 1989 wakiitwa Septic Broiler. Albamu yao ya kwanza, Skydancer ya 1993, iliimbwa na Anders Fridén, huku Mikael Stanne akipiga gitaa. Mwaka uliofuata In Flames wakatoa albamu yao ya kwanza, Lunar Strain, na anayeimba humo ni huyo huyo Stanne, kwa sababu In Flames hawakuwa na mwimbaji wao. Kisha Fridén akatoka Dark Tranquillity, na mwaka 1995 akaingia In Flames. Stanne akaweka gitaa chini, akawa mwimbaji wa Dark Tranquillity, na yupo hapo hadi leo. Waimbaji wamebadilishana bendi! Wala haukuwa ugomvi uliokata undugu. Fridén alipokuwa akiandika mashairi ya In Flames kwa Kiswidi, aliyemsaidia kuyageuza Kiingereza alikuwa Niklas Sundin, mpiga gitaa wa Dark Tranquillity.

In Flames wenyewe walianza mwaka 1990 kama kazi ya pembeni ya Jesper Strömblad, aliyekuwa kwenye bendi nyingine mjini humo, Ceremonial Oath. Alitaka kuunganisha magitaa yanayoimba ya Iron Maiden na ukatili wa metali ya kifo, kitu ambacho, kwa maneno yake, hakuwahi kusikia bendi nyingine ikikifanya. Bendi yake ya kwanza haikukubali njia hiyo, akaondoka. Akawa na Glenn Ljungström kwenye gitaa na Johan Larsson kwenye bezi. Dramsi akazipiga mwenyewe. Watatu hao wakarekodi demo, yaani rekodi ya majaribio, mwaka 1993. Kisa chao cha kupata mkataba kinasimuliwa mpaka leo: waliambia lebo ndogo ya Wrong Again kwamba wana nyimbo 13 zilizokamilika, ilhali walikuwa na chache tu za demo. Mwenye lebo akawakubali kwa simu. Ikabidi wakazitunge.

Ndani ya Lunar Strain kuna kitu ambacho wengi hukiruka, na mimi nadhani ndicho ufunguo. Ni kipande kisicho na maneno kiitwacho Hårgalåten. Hicho si chao. Ni wimbo wa asili wa Sweden, kutoka Hårga katika jimbo la Hälsingland, wenye hadithi ya shetani aliyekuja na fidla kwenye ngoma ya vijana. Alipoanza kupiga hawakuweza tena kusimama. Walicheza, wakamfuata mlimani, wakacheza hadi wakafa. Vijana wa metali wanachukua wimbo wa bibi na babu zao, wanautia kwenye gitaa la umeme, na unakaa kana kwamba ulikuwa ukilisubiri. Kwa hiyo mahadhi ya Gothenburg yana wazazi wawili: Iron Maiden upande mmoja, fidla ya kijijini upande mwingine. Ukishajua hivyo utaisikia fidla kila mahali, namna noti zinavyozunguka na kurudi kama watu wanaocheza duara.

Baada ya albamu hiyo na nyingine fupi, Nuclear Blast ya Ujerumani, lebo kubwa zaidi, ikawachukua. Mwaka 1995 akaingia pia Björn Gelotte kwenye dramsi, naye miaka michache baadaye akahamia gitaa. Mwaka 1996 ikatoka The Jester Race. Hii ndiyo albamu ningemwekea anayetaka kujua maana ya dhana hii. Usianze na wimbo wenye kasi. Anza na wa kwanza kabisa, Moonshield. Unafunguliwa na gitaa kavu, lisilo la umeme, taratibu, kama mtu anayepiga peke yake barazani. Kisha magitaa ya umeme yanaingia na mahadhi yanatanda. Fridén akianza kunguruma, jaribu jambo moja: usimsikilize yeye. Fuata gitaa, ukiweza lifuatishe kwa mluzi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niligundua kwamba wimbo niliodhani ni kelele ninaweza kuuimba wote, mwanzo hadi mwisho, bila neno hata moja. Sijawahi kuusikia tena kama kelele.

Kazi hizo zilirekodiwa Studio Fredman, kwa Fredrik Nordström. Studio ina mchango mkubwa kwenye dhana hii kuliko tunavyokubali. Magitaa mawili yenye uzito huo yakirekodiwa vibaya yanageuka tope moja. Noti za juu na za chini hazitofautiani tena, na mahadhi yanakufa humo humo. Kilichohitajika ni mtu wa kuyatenganisha, ule ukali ubaki na kila uzi usikike. Bendi za mji huo ziliporekodi mahali pamoja, zikaanza kufanana sauti, na kufanana huko ndiko kulikofanya watu waseme kuna "sauti ya Gothenburg".

At the Gates walikuwa tofauti kidogo. Walianza mwaka 1990, wakiwa na Tomas Lindberg kwenye sauti na mapacha Anders na Jonas Björler. Kazi zao za mwanzo zilikuwa na mipindano mingi, hata fidla ya kweli. Kisha wakakata kila kisichohitajika, na mwaka 1995 wakatoa Slaughter of the Soul, albamu ya dakika 34 hivi, haina nyama ya ziada. Mwaka uliofuata wakavunjika. Walirudi pamoja baada ya zaidi ya miaka kumi, na wakati huo vijana wa Marekani walikuwa wameshaichambua albamu ile uzi kwa uzi. Metalikoo (metalcore), mtindo uliotawala metali ya Marekani miaka ya 2000 kupitia bendi kama Killswitch Engage, ulikula sana kwenye sahani hiyo. Kutoka hapo ukatembea. Nairobi nako kumetokea bendi ya Last Year's Tragedy, ya metalikoo. Ukisikia magitaa yake yakipanda juu ya mngurumo, sasa unajua njia yaliyopitia.

Kuna mkanganyiko mmoja lazima niufungue. Neno "metali ya mahadhi" peke yake, bila "kifo", watu wengi hulitumia kwa jambo jingine: metali ambayo mwimbaji anaimba kwa sauti wazi na ya juu, viitikio vikubwa vya kuimbwa na uwanja mzima. Mitindo hii miwili ni ndugu, na Gothenburg inao ushahidi. Mwaka 1993 Oscar Dronjak, naye akitoka Ceremonial Oath, alianzisha HammerFall. Aliyempigia dramsi alikuwa nani? Jesper Strömblad wa In Flames. Na mwimbaji? Mikael Stanne wa Dark Tranquillity. Ilikuwa bendi ya kujifurahisha tu, wakati wa mapumziko ya bendi zao nyingine. Mwaka 1996 wakafuzu katika shindano la bendi liitwalo Rockslaget, Stanne hakuweza kufika, wakamwita Joacim Cans mwenye sauti wazi ya juu. Mwaka 1997 ikatoka Glory to the Brave, na HammerFall wakawa jina kubwa la metali ya sauti wazi Ulaya, wakati metali ya aina hiyo ilionekana imepitwa. Mikono ile ile, mapenzi yale yale ya Iron Maiden. Kilichotofautiana ni mahali mahadhi yalipowekwa: hapa kwenye koo, kule kwenye nyuzi.

Hapo ndipo penye ubishi wa mashabiki kuhusu In Flames wa baadaye. Kuanzia Reroute to Remain ya mwaka 2002, Fridén alizidi kuimba viitikio kwa sauti wazi, na yale magitaa mawili ya bega kwa bega yakapungua. Wapo waliosema bendi imepoteza mahadhi, ingawa kwa masikio ya mgeni ilikuwa imeyaongeza, maana sasa hata mwimbaji alikuwa anaimba. Nakubaliana na waliolalamika. Mahadhi hayakupotea, ila yalirudi mdomoni, na gitaa likarudi kusindikiza, kazi ambayo magitaa ya bendi nyingine yalikuwa yakiifanya siku zote. Strömblad mwenyewe aliondoka mwaka 2010. Gelotte na Fridén bado wapo, na kwenye matamasha nyimbo za miaka ya 1990 bado zinapigwa. Hapo utaona uwanja mzima unaimba, na wanachokiimba si maneno ya Fridén. Wanaimba gitaa.