Jibu la kwanza linavyotufunga macho

Chukua kalamu kwanza. Una vyombo vitatu na maji tele. Cha kwanza kinachukua lita 21, cha pili 127, cha tatu 3. Havina alama ubavuni, na unatakiwa upate lita 100 kamili. Utafanyaje?

Wengi huhangaika kidogo kisha wakang'amua: jaza cha pili, toa maji humo ujaze cha kwanza, halafu toa tena ujaze kile kidogo mara mbili. Zinabaki 100. Mpe mtu huyo maswali mengine manne au matano yanayofunguka kwa njia ileile, kisha mletee vyombo vya lita 23, 49 na 3, atafute lita 20. Atajaza cha pili, atatoa 23, atatoa 3, atatoa 3 tena. Amepata. Lakini 23 ukitoa 3 ni 20, na chombo cha 49 hakikuhitajika hata kidogo.

Maswali haya yanatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Abraham Luchins, aliyoyachapisha mwaka 1942. Mimi hufundisha saikolojia ya kufikiri, na kila nikiyatoa darasani kinachoniuma si ule mzunguko, maana mzungukaji amefika. Kinachoniuma ni swali linalofuata: 28, 76 na 3, tafuta 25. Hapa njia iliyozoeleka inaleta 42. Wapo wanaorudia hesabu mara mbili, mara tatu, wakidhani wameteleza mahali, mwishowe wakasema swali halina jibu. Asiyepitia yale ya mwanzo huona upesi kwamba 28 ukitoa 3 ni 25.

Ni rahisi kusema huu ni uvivu wa akili. Sikubaliani, na sababu yangu ni wachezaji wa chesi. Mwaka 2008 Merim Bilalić, Peter McLeod na Fernand Gobet waliwapa wachezaji hodari ubao wenye njia mbili za ushindi: moja maarufu inayomaliza mchezo kwa hatua tano, nyingine isiyozoeleka inayomaliza kwa hatua tatu. Waliiona ile maarufu, wakaambiwa watafute iliyo fupi zaidi. Walisema wanatafuta, na sina shaka walimaanisha. Ila kifaa kilichofuatilia macho yao kilionyesha yanarudi palepale, kwenye miraba ya wazo la kwanza. Ubao ulipopangwa upya ili njia maarufu isiwezekane, wachezaji wa kiwango hichohicho waliiona ile fupi.

Hapa ndipo ushauri wa "fikiri kwa upana" unapokwama. Anayeambiwa hivyo anaamini tayari anafanya hivyo. Linalosaidia ni kuliondoa jibu la kwanza mezani, angalau kwa dakika kumi: tuseme njia hii haipo, tungefanya nini? Daktari aliyeshika ugonjwa mmoja kichwani anaweza kujiuliza dalili hizi angezielezaje kama ugonjwa huo usingekuwapo duniani. Fundi vivyo hivyo na kasoro anayoishuku. Na ukimpelekea mwenzako tatizo, usimtajie ulichokwisha kukifikiria. Ukimtajia, umemwazima macho yako.

Sisemi mazoea ni adui. Bila hayo tungepiga upya kila hesabu ya maisha, na siku isingetutosha hata kufunga viatu. Njia uliyoizoea inastahili kujaribiwa mwanzo. Shida ni ikishakuwa ndiyo pekee unayoiona.

Siku hizi mtu akiniletea jambo linalomtatiza, namwomba aandike swali lake kwenye karatasi, kisha tunatafuta pamoja jibu lililojificha ndani yake. "Nifanyeje vikao vyetu viwe vifupi?" Ndani yake kikao kimeshaamuliwa kwamba kitakuwapo. Ni kama kwenye vile vyombo: hakuna mahali swali lilipotaka vitumike vyote vitatu. Sharti hilo watu huliongeza wenyewe.