Je, wajua kwa nini Walutheri wa Moshi na Arusha wanapiga mnada wa ndizi baada ya ibada, na ile hela inaenda wapi?

Pita kwenye usharika wowote wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) Jumapili mida ya saa tano, iwe Machame, Marangu, Moshi mjini au huku Ngaramtoni, utakuta watu wametoka kanisani lakini hawaondoki. Wamezunguka uwanja, tarumbeta zinapigwa, na mbele kuna mzee wa kanisa ameshika jogoo aliyefungwa miguu. Chini kuna mikungu ya ndizi, trei za mayai, chupa za maziwa, mahindi kwenye sado, siku nyingine hata mbuzi. "Kumi na mbili kwa mama pale, nani anaongeza? Kumi na tano kwa baba Upendo! Kumi na tano mara ya kwanza..." Jogoo anachukuliwa, halafu mara nyingi aliyemnunua anamrudisha mezani anauzwa tena, au anasema apelekewe bibi fulani ambaye hawezi tena kutembea. Mgeni akiona anashangaa, hivi hawa si walishatoa sadaka ndani?

Jibu la haraka ni kwamba hiyo nayo ni sadaka, ila ni ya mazao. Sio kila mtu ana noti mfukoni lakini karibu kila mtu mlimani ana mgomba, kwahiyo analeta alichonacho na mnada unakigeuza kuwa hela. Sehemu inabaki usharikani kumlipa mchungaji na mwinjilisti na kujenga, sehemu inapanda jimboni na dayosisi, na huko ndo inakutana na hela ya sharika nyingine kwa ajili ya diakonia (yaani huduma kwa wenye shida), shule, hospitali na misheni. Hiyo ni namna inavyofanyika. Swali la kwa nini kanisa liingie kwenye mambo ya shule na hospitali wakati kazi yake ni kuhubiri, hilo lina historia ndefu kidogo na mimi naona ndo tamu zaidi.

Inabidi turudi Ujerumani mwaka 1520. Martin Luther aliandika kwamba Mkristo ni huru kabisa, hayuko chini ya mtu yeyote, na papo hapo Mkristo ni mtumishi wa wote. Inaonekana kama inajipinga lakini haijipingi. Hoja yake ni kwamba wokovu ni wa neema, huwezi kuununua kwa matendo mema, sasa kama Mungu hakuhesabii matendo ili akuokoe, yale matendo yanabaki ya nani? Ya jirani. Yaani matendo yako hayaendi juu, yanaenda pembeni, kwa mtu mwenye njaa na mtoto asiye na ada. Ukielewa hapo umeelewa kwa nini Mlutheri anaona zahanati ni sehemu ya injili yenyewe na sio kitu cha ziada.

Na hawakuishia kwenye maneno. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig, sio mbali na Leipzig, walianzisha sanduku la pamoja, na Luther mwenyewe akawaandikia utangulizi wa ule utaratibu. Lilikuwa sanduku kweli, lenye kufuli nne, na funguo zilishikwa na makundi manne tofauti: makabaila, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima wa vijijini. Hakuna kundi lingeweza kulifungua peke yake. Humo zilitoka hela za mchungaji, za shule, za yatima na maskini, na mikopo kwa fundi aliyekwama. Ona hilo la kufuli nne, mkulima wa kijijini alishika ufunguo mmoja sawa na kabaila, hela ya wote inasimamiwa na wote. Hiyo ilikuwa miaka mia tatu na zaidi kabla mmisionari yeyote wa shirika la misheni la Leipzig hajakanyaga mlima Kilimanjaro.

Wamisionari hao wa Leipzig walifika 1893, wakaanzia Machame. Na hapa tuseme ukweli wote, walikuja wakati mmoja na dola ya Kijerumani na watu hawakuweza kutofautisha nani ni nani. Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri kule Meru, na jeshi la Wajerumani kutoka Moshi likaja kulipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha kwa ukatili ambao wazee wa huko bado wanausimulia. Kanisa la Arusha limeanza kwenye kidonda hicho, sioni faida ya kukificha.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, ilipofika 1920 walikuwa wameondoka, na Vita ya Pili ilipoanza wengi wa waliorudi baadaye wakakamatwa. Nani aliendesha makanisa? Walimu wa vijijini, wazee wa kanisa, kina mama. Wamarekani wa Augustana, kanisa la Kilutheri la huko kwao, walikuja kusaidia lakini walikuwa wachache mno. Ina maana watu walijifunza kubeba kanisa lao kwa ndizi zao kabla ya uhuru wa nchi, na 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT, aliyepewa kuliongoza alikuwa Mchaga, Askofu Stefano Moshi. Makao makuu yakawekwa Arusha na yapo mpaka leo.

Sasa upande wa nje ya nchi, ambao wengi hawaujui kabisa. Tumezoea kufikiri misheni ni mzungu anakuja Afrika. Mwaka 1955 Marangu, hapo hapo chini ya mlima, ulifanyika mkutano wa kwanza wa Walutheri wa Afrika nzima. Hawa walikuwa watu ambao nchi zao karibu zote zilikuwa bado makoloni, na walikaa siku kumi wakijadiliana kanisa la Afrika liweje. Baadaye ikaja redio. Kituo cha Kilutheri kilifunguliwa Addis Ababa 1963 na vipindi vyake vya Kiswahili vilitengenezwa studio ya Moshi. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakitaifisha kile kituo. Studio ya Moshi haikufa, na leo ukiwasha redio mlimani unaisikia Sauti ya Injili.

Mwaka huo huo wa 1977 Walutheri wa dunia walikutana Dar es Salaam wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Na mkutano huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani, sio siasa tu ambayo kila mtu anaweza kuwa na maoni yake. Maana yake kanisa haliwezi kuukubali halafu likaendelea kujiita kanisa. Kwangu mimi hiyo nayo ni misheni ya nje, tena nzito kuliko nyingi.

Kenya nao wana kanisa la Kilutheri, KELC, ambalo lilianza kama sinodi ya KKKT, likalelewa kutoka huku kwetu na kujitegemea mwaka 1992. Kazi ya wakimbizi pia, TCRS (shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi) ilianza 1964 chini ya hilo Fungamano ikahudumia watu waliokimbia Rwanda, Burundi na Msumbiji, wakapewa mashamba, visima na shule. Na siku hizi wachungaji wa Kitanzania wanaenda kutumika Ujerumani, pamoja na Saxony yenyewe walikotoka wamisionari wa Leipzig, ambako wakazi walio wengi hawamo kwenye kanisa lolote. Hawaendi kuomba msaada, wanaenda kuhubiri, kutembelea wagonjwa na kukaa na vijana kama wale walivyofanya huku.

Tukirudi nyumbani, kila mtu anaijua KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi. Ilifunguliwa Machi 1971 na shirika la Msamaria Mwema na hadi leo ndo hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Ila wengi wanaijua kama mahali pa kulazwa tu. Kwenye eneo lake kuna chuo cha TATCOT, tangu 1981, ambacho kinafundisha kutengeneza miguu na mikono ya bandia na kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Na kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi wanatengeneza mafuta ya Kilisun, ya kukinga ngozi na jua, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Usione ni mafuta tu. Mtoto mwenye ualbino anayeshinda juani bila kinga anaanza na vidonda kwenye midomo, masikio na shingo, na vikiachwa vinakuwa saratani ambayo inaua watu wakiwa bado vijana. Mafuta ya kigeni dukani ni ghali, mama wa kijijini hawezi, kwahiyo yanatengenezwa hapa hapa Moshi na yanapelekwa kwenye kliniki za vijijini pamoja na mafundisho ya kuvaa kofia pana na mikono mirefu. Mtoto anapakwa asubuhi anaenda shule kama wenzake.

Kuna mengine mengi, nayapitia haraka. Moshi kuna masista wa Kilutheri, ndiyo Walutheri nao wana masista, Ushirika wa Neema, wanalea watoto wachanga waliofiwa na mama zao na wanafundisha walimu wa chekechea. Usa River kuna kituo ambacho vijana wenye ulemavu wanajifunza ufundi. Monduli kuna sekondari ya wasichana ya MaaSAE, tangu 1995, kwa mabinti wa kifugaji ambao wangeozwa mapema. Na Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuliongoza KKKT, amejulikana kama askofu wa miti kwa sababu ya kuhimiza watu wapande miti mlimani, hadi watoto wa kipaimara.

Ila hapa ndo panaponiuma. Hospitali za dini zamani zilibebwa sana na wafadhili wa nje na wamisionari waliofanya kazi karibu bure. Wafadhili wamepungua. Mwaka 1992 serikali na makanisa walisaini makubaliano kuhusu huduma za jamii, na serikali inalipa mishahara ya baadhi ya watumishi, lakini dawa, umeme na vifaa vinabaki kwa hospitali, kwahiyo mgonjwa anatozwa. Mwenye bima anapona na kuondoka. Asiye na bima anapona halafu anaogopa kuiona bili. Kama matendo ni ya jirani, basi jirani mwenyewe ndo huyu, na sidhani ni haki kuisukumia hospitali peke yake mzigo ambao ulitakiwa uwe wa sharika zote.

Kwahiyo mkutano mkuu wa usharika wenu ukifika na bajeti ikasomwa, usisinzie ikifika kwenye matumizi. Tafuta fungu la diakonia. Angalia ni shilingi ngapi ukilinganisha na jengo, uliza mwaka uliopita lilimlipia nani bili ya hospitali na nani ada, na kama jibu ni hakuna, nyoosha mkono omba liongezwe kabla hawajapiga kura.