Chandarua cha usiku hakimzuii mbu wa Zika

Kila mvua zikianza tunaletewa swali lile lile: "Mi nalala kwenye chandarua kila siku na nina mimba, Zika itanipatia wapi?" Itakupatia uani, mchana. Zika ni virusi vinavyoenezwa na mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma asubuhi na jioni kabla ya giza, we unaosha vyombo yeye yuko kwenye vifundo vya miguu.

Naomba ieleweke hili sio tangazo la mlipuko, watu wasitaharuki. Ila pia tuache kusema huu ni ugonjwa wa Wabrazili, virusi hivi viligunduliwa 1947 kwa tumbili kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, hapo Uganda. Brazili ndo yalikoonekana madhara kwa watoto, 2015 madaktari wa mji wa Recife walianza kupokea vichanga wenye vichwa vidogo mmoja baada ya mwingine, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza dharura ya afya. Wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa, wengine wanapata vipele, macho mekundu na kahoma kadogo, basi, kumbe kwa mjamzito virusi vinaweza kuwa vimeshapita kondo la nyuma vinaharibu ubongo wa mtoto. Kati ya watoto 100 wa mama walioambukizwa wakiwa wajawazito, 5 mpaka 15 wanapata shida: kichwa kidogo, viungo kukakamaa, macho, masikio, na wapo wanaozaliwa na kichwa cha kawaida shida ikaja kuonekana baadae. Kwa hiyo habari za kurogwa na kumlaumu mama kwa kweli tumezichoka, zinamfanya amfiche mtoto ndani wakati anahitaji mazoezi ya viungo mapema.

Mjamzito ukipata homa na vipele nenda kituo cha afya, usimeze ibuprofeni wala aspirini kabla haijathibitishwa kwamba si dengi, homa nyingine inayoletwa na mbu. Kipimo cha malaria kikiwa hasi usirudi nyumbani kimya, sema una mimba na homa imeanza lini, maana damu inafaa kupimwa Zika ndani ya siku 7 za mwanzo na mkojo mpaka siku 14, ukichelewa majibu yanakuwa magumu kusoma. Mume naye akitoka safari sehemu yenye Zika ni kondomu miezi 3, na kama mkeo mjamzito ni mpaka ajifungue, maana inaambukizwa kwa ngono pia.

Sasa maji ya nyumbani, ndiko mbu huyu anakozaliana. Kumwaga tu hakutoshi, mayai yananata ukutani mwa ndoo juu kidogo ya maji na yanakaa makavu miezi kadhaa, sugua na brashi kila wiki ndo ujaze na ufunike. Afisa afya akikuta viluwiluwi kwako atakuandikia notisi yenye siku za kurekebisha, atarudi kukagua, akivikuta tena faili linaenda hatua za kisheria, na kusema "pipa ni la mpangaji" hakukusaidii, notisi inamfuata mwenye eneo pia. Akija mfungulie geti, aanzie na matairi ya nyuma ya nyumba.